Dorika, Sifuri

Mume wangu Zefania alikufa mara elfu kadhaa kabla hajafa. Sisemi kwa dharau. Nilikuwepo karibu mara zote, niko jikoni nasonga ugali, nasikia mlio wa kufa kwake kutoka sebuleni: puuuu, kisha kimya, kisha mtu mzima anasonya. Alipokufa kweli, mwezi wa tatu mwaka huu, kwa presha, ameketi mbele ya televisheni yake ya chogo, nilimwacha kama dakika kumi nikisubiri asonye. Hilo bado linaniuma, na nimelisema mapema ili lisinisumbue huko mbele.

Mashine ya mchezo aliokuwa akifia iliachwa hapa Kinyangiri na mzungu mmoja mchimba visima, zamani, kabla ya umeme. Zefania alikuwa kijana wake wa kubeba fimbo za kupimia. Mkataba ulipokwisha mzungu alimwachia sanduku: kompyuta ndogo yenye vitufe vya mpira, redio kaseti, kijiti cha kuongozea, na kanda moja. Zefania alilitunza lile sanduku chini ya kitanda miaka na miaka. Umeme ulipofika kijijini alikuwa na mvi tayari, katibu wa kamati ya ardhi, mtu anayeamkiwa shikamoo hata na watu wa Misigiri wasiomjua vizuri. Nguzo ziliwashwa Jumanne. Jumatano akafungua sanduku.

Mchezo ulikuwa hivi. Kuna chombo cha angani, kidogo, cheupe. Kinaingia kwenye pango lenye vyumba themanini na tatu, na vyumba vimeunganishwa na njia za kupotezana. Karibu kila chumba kina kitu kinachotaka kukuua. Unapiga risasi, unatafuta mafuta, unatafuta mlango. Ukifa mara tatu unarudi mlango wa kwanza, na ukizima kompyuta pia unarudi mlango wa kwanza, maana ile mashine haikumbuki mtu. Miaka kumi na miwili mume wangu aliingia mle kila siku saa kumi jioni. Kabla ya kuingia ilibidi kanda isomwe dakika tano, ikipiga makelele ya kukwaruza, na katika dakika hizo tano hakuna kuku aliyeruhusiwa kupita sebuleni, eti atatikisa sakafu.

Siku nyingine niliita chakula akaja mezani amekiacha kile kidude kinalia, ti-ti-ti-ti, bila kupumua. Nikimwambia zima hiyo kelele, anasema, "Iache, mama, haina neno." Tunakula inalia. Tunamaliza inalia. Mimi nikawa naongea kwa sauti ya juu zaidi ili nisikike, na kwa kawaida yangu siongei kidogo.

Watu walijua Zefania ana kompyuta ila hawakujua anaifanyia nini. Akiulizwa alisema tu, "Jioni nakuwa kwenye kompyuta," na kijiji kizima kikaamini anaingiza kumbukumbu za mashamba. Mimi nilijua ukweli nikanyamaza. Mke mwenye akili hatangazi kwamba katibu wa kamati ya ardhi anapigana na popo wa kijani. Nilimsitiri miaka kumi na miwili, na ndiyo maana nilipokuja kusema ukweli hakuna aliyeniamini.

Lazima nieleze jinsi alivyokuwa anapima mashamba, maana ndipo balaa lilipotoka. Zefania alipima kwa hatua. Anatembea mpakani anahesabu, akirudi nyumbani anachora kwenye daftari la miraba. Uzio wa minyaa ni mstari wenye vinywele. Njia ni vinukta. Kisima ni duara lenye nukta katikati. Jina la mwenye shamba anaandika katikati, na chini yake idadi ya hatua. Mashamba yote ya Kinyangiri yamo kwenye madaftari hayo, na hakuna mtu aliyewahi kubishana na daftari la Zefania. Basi alipoanza kupotea mle pangoni, akachora pango kwa namna hiyohiyo. Hakujua namna nyingine.

Siku ya arobaini ukoo ulikutana sebuleni kwangu. Aliyeongoza kikao ni Mzee Filipo, baba mdogo wa marehemu, mtu anayefikiri polepole na anayepumzika katikati ya kufikiri. Walikuwepo shemeji yangu Yeremia, mdogo wake Zefania, na wifi yangu Severina, dada yao, ambaye tangu nimeolewa sijamsikia akisema jambo ambalo Yeremia hajalisema kwanza. Mwinjilisti Urbano alipewa kazi ya kuandika muhtasari, kwa sababu mahakama ya mwanzo haipokei mirathi bila muhtasari wa ukoo. Kilichokuwa kinazungumzwa ni shamba, ekari nane za alizeti kuanzia nyuma ya nyumba mpaka ukingo wa korongo. Nimelilima kwa mikono hii. Mungu alitupa mtoto mmoja, binti yetu Esta, ameolewa Kintinku, na Yeremia alikuwa na maoni yake kuhusu nyumba isiyo na mtoto wa kiume.

Akafungua droo ya meza ya televisheni akatoa daftari la jalada la kijani.

"Kaka ameacha ramani," akasema.

Likapitishwa mkono kwa mkono. Miraba, vinywele vya minyaa, vinukta vya njia, visima. Mwandiko wa Zefania, hakuna anayeukosea. Yeremia akaanza kusoma. "Yeremia, arobaini." Akafungua kurasa kadhaa. "Yeremia, hamsini na mbili." Akafungua tena. "Yeremia, sabini na nane. Na kila penye jina langu pana kisima."

"Pana kisima," akasema Severina.

"Severina, sitini na tatu. Filipo, kumi na mbili." Mzee Filipo akakohoa kidogo, kukohoa kwa mtu aliyekumbukwa. Yalikuwepo majina mengine ya ukoo na ya majirani, kila mmoja na idadi yake, mpaka ukurasa wa mwisho, pembeni kabisa, kwenye chumba kidogo ambacho shambani kingeangukia kwenye korongo. Yeremia alisimama hapo. Nampa haki yake, aliona haya.

"Dorika," akasoma. "Sifuri."

"Sifuri," akasema Severina.

Niliwaambia palepale kwamba ile si ramani ya shamba, ni ramani ya mchezo. Wakaniuliza mchezo gani. Nikasema wa kompyuta, wa kuruka na kupiga risasi, marehemu alikuwa anaucheza kila jioni. Kumbe nimemsitiri mtu mpaka nimemzika na ukweli wake.

"Mama Esta," akasema Mzee Filipo taratibu, "marehemu alikuwa katibu wa kamati ya ardhi."

"Nipeni wiki moja, baba. Jumamosi mje muone wenyewe."

Alikubali, nadhani kwa sababu kalamu ya Urbano ilikuwa imeisha wino. Shamba ningeligombania hata Singida mjini, sheria ya mjane naijua na miguu ninayo. Kilichonikaa kooni wiki ile yote ni sifuri. Miaka thelathini na minne nimepika, nimefua, nimelima, nimemkandia mgongo, na mume wangu mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri, kaniandika sifuri. Nilitaka kujua aliiandika kwa maana gani. Hakuna jambo nililotaka kulijua kama hilo.

Yeremia hakusubiri Jumamosi. Jumatatu asubuhi aliingia shambani kwangu na kamba ya katani, vigingi vya miti na lile daftari, akaanza kulihamishia pango ardhini. Severina alishika ncha ya pili ya kamba. Alizeti mwezi wa nne imeshampita mtu kimo. Wakapima njia, wakapima kona, wakafunga kamba kushoto na kulia kama daftari linavyosema, na daftari lilikuwa linasema ukweli: lile lilikuwa pango la kupoteza watu. Ilipofika saa tano nikasikia Yeremia anaita, "Severina, uko wapi?" na Severina anajibu, "Uko wapi?" Waliitana mpaka saa saba. Nilimaliza kwanza kuchambua mchicha, kisha nikaenda kuwatoa.

Jumatano alichimba visima. Kimoja kikatoa changarawe. Cha pili kikatoa changarawe. Cha tatu, baada ya kung'oa alizeti zangu mistari minne, kikatoa pedali ya baiskeli. "Maji yako chini zaidi, shemeji," akaniambia akijifuta jasho. Nikamwambia hata shetani yuko chini zaidi. Sikumwomba radhi na wala sina mpango.

Jumamosi saa nne walifika, kama watu ishirini, wakajaa sebule mpaka mlangoni. Nilikuwa nimebandika wali na kumchinja jogoo aliyekuwa akikatazwa kupita. Nikaweka kanda, nikabonyeza kama nilivyomwona Zefania akibonyeza. Makelele ya kukwaruza yakaanza. Mzee Filipo akasimama, akavua kofia, akainamisha kichwa, na ukoo wote ukasimama ukainamisha vichwa, maana kwetu shughuli huanza kwa sala na yeye alidhani ndiyo hiyo. Sikuwasahihisha. Baada ya dakika tano mlio ukakatika, Mwinjilisti Urbano akasema amina, tukakaa.

Pango likatokea kwenye kioo, na chombo cheupe mlangoni. Juu pembeni palikuwa na vyombo vitatu vidogo.

"Hivyo ni nini?" akauliza Mzee Filipo.

"Roho zake, baba. Anazo tatu."

"Nani amempa roho tatu?"

"Aliyetengeneza mchezo."

Alifikiri. "Sisi tumepewa moja moja," akasema. "Andika, Urbano."

Yeremia alishika daftari akasimama karibu na televisheni kunikamata uongo. Akasema kama kweli hii ni ramani ya mchezo, basi chumba cha pili kina kona ya kushoto na nguzo mbili. Kilikuwa nazo. Cha tatu kina dari la ngazi ngazi. Kilikuwa nalo. Akasema inaweza kutokea tu.

Sasa niseme jambo moja: sikuwahi kukishika kile kijiti maishani. Nilikichukia kama mke mwenza. Kwenye lango la kwanza kuna mlinzi, kitu chekundu kinachopanda na kushuka mlangoni. Zefania alikuwa anamvamia kwa risasi, na mara nyingi hapo ndipo nilipokuwa nasikia puuuu. Mimi nikamvamia vilevile. Puuuu. Roho moja ikaenda. Severina akasonya, na mara hiyo alianza yeye kabla ya Yeremia, nikaona siku ina mambo.

Nikarudi tena mlangoni. Nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu anarudi kwenye malezi yake. Niko mbele ya mlango wa watu. Nikasimama, nikasema, "Hodi." Mlinzi akapanda. Nikangoja kidogo kama inavyotakiwa. "Hodi." Akashuka. Nikangoja tena. "Hodi." Akawa amepanda juu kabisa, mlango mtupu, nikapita.

Miaka kumi na miwili, kaburini ameingia, na hakuwahi kubisha hodi hata siku moja. Hodi tatu za heshima, zenye kupumua katikati, ndio muda kamili wa yule mlinzi. Ukibisha kwa pupa unakufa. Usipobisha unakufa. Lango la pili nilipobisha watu wawili watatu wakaitikia karibu, neno likiwaponyoka mdomoni, maana hodi haiachwi hivihivi. Lango la nne Mzee Filipo akaanza kupiga mkongojo sakafuni kuhesabu, na ukoo mzima ukawa unaitikia "Karibu" baada ya hodi ya tatu, si mapema wala si baadaye. Yeremia naye aliitikia. Alikuwa ananipinga, lakini si mtu asiye na adabu.

Tukaingia chumba kilichoandikwa Severina. Mle mna kitu cha njano kinachofanya kila unachofanya. Nikienda kushoto, kinaenda kushoto. Nikipanda, kinapanda, mpaka kinakubana ukutani.

"Kinaiga," akasema Yeremia.

"Kinaiga," akasema Severina.

Watu walitazama sakafu. Urbano aliandika. Chumba cha Filipo kilikuwa njia nyembamba yenye jiwe kubwa linaloshuka polepole, linakaa katikati ya njia, halitoki. Hulipigi likavunjika wala hulipiti. Tulingoja.

"Limelala?" mtu akauliza.

"Linafikiri," akasema Mzee Filipo.

Tukangoja linafikiri. Mwishowe likapanda, tukapita, naye akakaa vizuri kwenye kiti akionekana ameridhika na jinsi jambo lilivyoshughulikiwa.

Kisha Yeremia, arobaini. Palikuwa na kisima kama daftari lilivyosema, duara lenye nukta katikati. Chombo kikiketi juu yake kinakunywa mafuta. Nikakiketisha. Ghafla kikatoka kitu pembeni, kinono, kinatembea taratibu kama mgeni anayejua saa ya chakula, kikang'ang'ania chombo changu na kuanza kunyonya. Mafuta yakashuka yakaisha. Puuuu. Roho ya pili.

Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye penseli. Ilikuwa inaning'inia kwa uzi pembeni ya televisheni, na ufutio wake. Nilikuwa nimeshamwona mara elfu: akifa, anasonya, anavuta penseli, anafuta kitu kwenye daftari, anaandika kitu. Nikamwomba Yeremia daftari. Pale penye arobaini karatasi ilikuwa imesuguliwa mpaka inaangaza kama suruali iliyochakaa makalioni. Nikafuta arobaini, nikaandika arobaini na moja. Hapo nikaelewa.

"Hizi si hatua," nikawaambia. "Ni idadi ya mara alizokufa. Kila chumba ameandika kafa mara ngapi."

Mzee Filipo alichukua muda wake. "Kwa hiyo humu Yeremia amemuua kaka yake mara arobaini."

"Humu tu, baba. Bado hamsini na mbili na sabini na nane."

"Mimi sijaua mtu," akasema Yeremia.

"Andika amekana," akasema Mzee Filipo.

Nilibaki na roho moja. Ilipofika hamsini na mbili sikungoja. Kile kinono kilipojitokeza nilikipiga risasi. Kikaachia, kikajikunyata. Nikakipiga nyingine. Kikaanza kutambaa kurudi kwenye kona yake, nami nikageuza chombo nimalizie, maana alizeti zangu mistari minne nilikuwa nazikumbuka vizuri.

Yeremia akashika bega langu. Uso ulikuwa umempauka. "Shemeji," akasema kwa upole, "naomba usinipige tena."

"Asimpige nani?" akauliza Mzee Filipo.

"Mimi."

"Wewe uko wapi?"

Yeremia akanyoosha kidole kwenye kioo. "Pale. Karibu na kisima." Alipomaliza kusema ndipo akasikia alichokisema, na kidole kikabaki hewani.

Mzee Filipo mara hii hakupumzika katikati. Akasema kama Yeremia wa daftari yuko mle ndani ya televisheni, na Yeremia mwenyewe amekiri mbele ya ukoo, basi visima vyake viko mlemle na hatua zake ziko mlemle, na shamba la nje halimo kwenye daftari. Shamba ni la mjane. Kamba zitolewe, mashimo yafukiwe. Urbano andika.

"La mjane," akasema Severina, na kwa mara ya kwanza nikaipenda sauti yake.

Watu wakaanza kuinuka. Harufu ya jogoo ilikuwa imeshaingia sebuleni na saa ilikuwa saa saba. Mimi sikuinuka.

"Mama Esta, umeshashinda," akasema Mzee Filipo.

"Bado, baba."

Sikutaka kueleza, lakini nikaeleza. Sifuri ina maana mbili. Huenda hakuwahi kufa kwenye chumba changu. Huenda hakuwahi kufika. Mtu anayekikwepa chumba hafi ndani yake pia. Miaka thelathini na minne, na nilikuwa sijui ni ipi kati ya hizo mbili. Sauti yangu ilikatika katikati, jambo ambalo halinitokei. Wakarudi kukaa mmoja mmoja. Mzee Filipo akashika mkongojo wake.

Yeremia ndiye aliyenisomea njia. Sasa alisoma kweli, kidole kwenye miraba. "Kulia, shemeji. Shuka. Hapo ngoja, wapo wawili." Tukabisha, tukakaribishwa, tukapita. Popo wa kijani walikuja kundi, nikawapiga nikiwa nimefumba jicho moja, sijui ilisaidia nini. Kwenye sabini na nane kile kinono kilipotoka, Yeremia alikitazama akapumua.

"Huyo mpige tu," akasema.

Mafuta yalikuwa yamebaki mstari mwembamba tulipofika lango la mwisho. Nilibisha. Ukoo uliitikia kwa sauti ya chini, kama watu walio mlangoni kwa mgonjwa. Nikaingia.

Hapakuwa na kitu cha kuua. Chumba kidogo, nguzo fupi kwenye kona ya chini mkono wa kulia. Niliangalia daftari: kona ya chini mkono wa kulia, nguzo fupi, ameichora hata ufa wake. Basi alifika. Katikati palikuwa na duara kubwa, hakuliwekea alama ya kisima, nadhani aliogopa kulipunguza. Nikakiketisha chombo.

Kikaanza kulia. Ti-ti-ti-ti-ti-ti, bila kupumua, sauti ya juu, kama mtu anayesema na hasikilizwi. Na mafuta yakawa yanapanda.

Ule mlio niliujua. Nimekula nao ugali miaka kumi na miwili. Nilidhani ni ubovu wa mashine. Zile jioni zote nilizopiga kelele zima hicho kidude, kumbe alikuwa amefika, amekiketisha chombo chake humu, ameniachia nikijaze, ndipo akaja mezani kwa mimi wa kweli nimpigie kelele za kweli.

Tulisikiliza dakika mbili nzima.

"Hakinyamazi?" akauliza Mzee Filipo.

"Hakinyamazi," akasema Severina. "Ndiye kabisa."

"Lakini kinajaza," akasema Yeremia.

Nilicheka kwanza. Halafu nikalia, mbele ya watu ishirini, na kijiti mkononi, na sioni aibu kusema hivyo. Mstari wa mafuta ulifika mwisho na ule mlio ukaendelea tu.

Mbele ya chumba palikuwa na mlango mwingine. Kwenye daftari hapakuwa na kitu baada yake, miraba mitupu. Mzee Filipo aliuona, akauliza kama tubishe hodi. Nikamwambia marehemu hakuupita, na mimi sina haraka, na chakula kinapoa. Tukala sebuleni palepale, kelele zikiendelea, na kila aliyetaka chumvi ilibidi aongee kwa sauti ya juu.

Sikuizima. Ilikaa inalia Jumapili, Jumatatu na Jumanne. Muhtasari ulikwenda mahakamani, na nasikia karani alisoma mara mbili pale palipoandikwa kwamba ndugu Yeremia alipigwa risasi mbili akiwa kwenye kisima na akaomba asiongezwe ya tatu. Aligonga mhuri.

Jumatano asubuhi umeme ukakatika, wilaya nzima. Nyumba ikanyamaza hata nikamsikia kunguru juu ya bati. Nilisimama sebuleni natazama kioo cheusi. Haikupita nusu saa Mzee Filipo akaja na mkongojo wake, na Urbano nyuma yake. Nikamwamkia. Yeremia alikuwa shambani anafukia shimo la tatu, akaja na koleo begani akasimama mlangoni.

"Marhaba, Mama Esta," akasema Mzee Filipo. "Nimekuja kwa jambo la daftari. Chombo kilikuwa mle chumbani. Je, hii inahesabika kuwa amekufa?"

Tukakaa kikao palepale, watu wanne. Mzee Filipo alifikiri kwa muda mrefu, na mimi sikumharakisha. Yeremia ndiye aliyesema kwanza, kwamba umeme kukatika ni umeme kukatika, hata shirika lenyewe halisemi mtu amekufa. Urbano akakubali. Mzee Filipo akapiga mkongojo sakafuni mara moja.

Nikavuta penseli kwenye uzi wake, nikafungua ukurasa wa mwisho. Ile sifuri ilikuwa imeanza kufifia kidogo upande mmoja. Nikaikoleza.